Watoto Niliowasimamisha Madhabahuni

Nani kakwambia huduma na familia haviendi pamoja? Mke wangu ndiye alisema nikiwasahau watoto tena, naacha huduma. Nikamwambia, "Mama Neema, Jumapili natoa ushuhuda, na wanangu nawasimamisha pale mbele."

Jumapili yenyewe theluji ilimwagika vibaya, na mke wangu alikuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi ndiye nabeba watu wa kanisa kwa gari langu. Nikamchukua Mama Esperance na wajukuu wake mtaa wa Hjulsta, nikarudi mtaani kwetu Rinkeby, nikapiga honi ili wanangu wawili wateremke. Hapo simu ikaita, mtu kakwama kituoni. Nikiwa bado nabishana naye nikatazama kioo. Watoto wawili wako nyuma, overoli za theluji, kofia hadi puani. Nikaondoa gari.

Kanisani nikawashika mikono moja kwa moja hadi madhabahuni. Walinilalamikia Kiswidi, lakini hata wangu ndivyo wanavyonijibu. Nikatangaza kwamba mwanaume anayesahau watoto wake asiguse maikrofoni. Watu wakaitikia amina. Nikamvua mmoja kofia wamwone uso.

"Weye Paulo," Mama Esperance akaita, "bajukuu yangu unabapeleka wapi?"

Kabla sijajibu, mke wangu akaingia na sare ya kazi, wanangu nyuma yake. Alipotoka zamu aliwakuta wamekaa kwenye ngazi za nyumbani. Alikuja mbele akanyoosha mkono apewe maikrofoni.

Huduma siachi ng'o. Ila wewe ungempa?