Saleha Akataa Neno Lililo Kwenye Barua Yake

Saleha binti Uweso hakulilia kazi. Mwaka huo wa 1996 kiwanda cha kamba kilikuwa kimeshauzwa, na wanawake wote wa chumba cha kuungia kamba walijua wanapunguzwa. Wengine walikwisha kufunga virago wakarudi kwao Pangani. Kilichomchoma Saleha ni neno moja kwenye barua yake ya kuachishwa. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na mbele ya jina lake palipigwa chapa *unskilled*. Kazi nyingine huipati bila barua hiyo, na ukiipeleka imeandikwa hivyo, utapewa ufagio.

Aliyemsomea ni jirani yake wa mtaa wa Ngamiani, Mwalimu Praxeda. Alimweleza taratibu kwamba hilo ni neno la mtu asiye na ujuzi. Loo! Miaka ishirini na miwili mtu anaunga kamba za mkonge bila fundo, hata ukipitisha kidole huhisi palipoungwa, leo aambiwe hana ujuzi? Miaka ile ya foleni za sabuni, mikanda ya mashine ilipokatika na mipya haipatikani, nani alisuka mikanda ya katani mashine zikazunguka? Ni huyu huyu. Ujuzi hauzeeki, wala haukuuzwa pamoja na kiwanda.

Akauliza, basi hao wenye lugha yao wanamwitaje mtu anayejua kazi?

Praxeda akamwandikia nyuma ya karatasi ya kalenda. *Able*, anayeweza. *Capable*, unayemwamini kwamba ataweza hata kama hujamjaribu. *Competent*, ambaye kazi yake inatosha, humrudishii. *Skilled*, ambaye mkono wake umefundishwa ukafundishika. *Expert*, ambaye hata mafundi humwendea kuuliza. Akamshauri adai hilo la mwisho, maana linamstahili. Saleha akakataa. Sifa za kuombaomba hakuzitaka, alitaka haki yake tu. Akachagua la nne, akashinda siku tatu akijifunza kuliandika mpaka mkono ukalizoea.

Jumatatu akaingia ofisini na barua yake mkononi. Meneja mpya, kijana aliyetoka Dar es Salaam, alikuwa ameketi na Zebedayo, msimamizi wa zamu, Mbondei wa Muheza, ambaye ndiye aliyejaza orodha ya wanaopunguzwa. Meneja akamsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia kwamba mwenye ujuzi ni mwenye cheti. Bi Saleha hana. Zebedayo anacho, ndiyo maana yeye anabaki.

Saleha akamgeukia Zebedayo. Kwetu huku Pwani, mwanafunzi hatoki mikononi mwa fundi wake mpaka amtolee kilemba, yaani zawadi ya kukiri mbele za watu kwamba huyu ndiye aliyenifundisha.

"Zebedayo, kilemba chako cha kuunga kamba ulimpa nani?"

Mtu mzima akainama akatazama viatu vyake.

"Nilikupa wewe, Bi Saleha. Doti ya kanga na kilo mbili za sukari."

Na sukari mwaka alioitoa ilikuwa haionekani madukani! Meneja akapigwa na butwaa kidogo, akamuuliza msimamizi wake mbona basi aliandika vile. Zebedayo akajibu kwamba fomu ilikuwa na nafasi ya cheti tu, na aliogopa kuulizwa maswali. Meneja akasema pole, lakini orodha imeshakwenda Dar, barua haibadiliki tena.

"Haibadiliki kwako," Saleha akasema.

Akachukua kalamu iliyokuwa mezani, akalipiga mstari neno lile, na juu yake akaandika *skilled* kwa herufi kubwa. Meneja akalalamika kwamba ameiharibu karatasi ya ofisi, itabidi ipigwe chapa nyingine.

"Ipige. Nayo nitaiandika hivi hivi. Mimi leo sina zamu, nina siku nzima."

Akaketi. Zebedayo hakumtazama meneja. Akavuta muhuri wa kiwanda, akaugonga juu ya mwandiko wa fundi wake.