Nambari Sifuri kwenye Kompyuta ya Chuo

Nilipata kazi yangu ya kwanza katika chuo kimoja cha ufundi Voi, katikati ya miaka ya tisini, kufundisha uchoraji wa mitambo. Nilikuwa na digrii ya uhandisi na siri moja: nilishindwa kukiona kitu kichwani kikigeuka. Chuo kikuu nilifaulu kwa kukariri michoro.

Chuo kilikuwa kimepewa kompyuta moja. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, nasi tulivua viatu mlangoni kabla ya kuikaribia. Ilikuwa na mazoezi: kipande cha chuma kinatokea, unakizungusha kwa vitufe, kisha unajibu kingeonekanaje kutoka nyuma. Mkuu wa chuo alisema wazi kwamba nikimwonyesha mazoezi hayo yanasaidia, ataniongezea mkataba. La sivyo, kwaheri.

Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na nambari yake. Mimi nilijiandikisha kwa siri, nambari sifuri, nikawa nafanya mazoezi kila asubuhi nikisingizia kupangusa vumbi. Hakuna mtu wa Voi awezaye kutilia shaka vumbi.

Msichana mmoja wa Maungu alijibu hata kabla ya kugusa kitufe.

"Umejuaje?"

"Mwalimu, si hiyo ni chuma ya breki ya behewa? Kwetu ziko, baba huleta zile zimeisha. Tunazuia nazo mlango, ndiyo naijua hata nyuma."

Nusu ya darasa walikuwa watoto wa reli. Waliobaki walikulia karibu na mashine za mkonge. Walianza na alama kumi na nane kwa ishirini, wakamaliza na kumi na nane. Nikamnung'unikia Mungu kwa kunipa wanafunzi hodari.

Mkuu aliisoma orodha ya alama akiifuata kwa kalamu.

"Hawa hawajasonga hata hatua. Mashine imefanya kazi gani?" Kalamu ikasimama. "Ila huyu sifuri. Tatu, tano, tisa, kumi na nne! Huyu ndiye ushahidi. Ni nani?"

Nilifikiria kumbuni mwanafunzi. Nikafikiria siku atakapoitwa ofisini. Nikamfikiria mama, aliyekwisha kuwatangazia majirani kazi yangu.

"Ni mimi, mkuu."

Alinitazama kutoka juu, mbele na ubavuni.

"Wewe si ndiye unawafundisha?"

"Ndiyo."

"Na mashine ndiyo inakufundisha?"

"Ndiyo."

Akaandika kwenye faili: "Aongezewe muhula mmoja. Anaendelea vizuri."

Sikuthubutu kuuliza kama aliyeongezewa ni mwalimu au mwanafunzi.