Picha Zilizofika kwa Mama

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ile niliyovishwa joho la shahada, mwanangu, ni Jumatano moja baada ya sala ya alasiri. Nilikaa mbele ya mamangu aliyekuwa akichambua mchele, nikitafuta namna ya kumwambia kwamba huenda kabla ya wiki kwisha akaletewa picha zangu nikiwa sina nguo.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Usicheke. Hapa Mji wa Kale mwanamume asiye na mke huitwa kijana hata akiota mvi. Mimi mke nilikuwa naye, tukaachana kwa heshima. Heshima yote akaondoka nayo yeye. Nikarudi ujanani kama mwanafunzi anayerudia darasa, nikaweka kwenye simu programu ya kutafutia wachumba, na kwenye maelezo yangu nikaandika kwamba napenda vitabu na kutembea ufuoni. Kutembea sipendi hata kidogo.

Aliyenijibu alijiita Nasra. Kwao Malindi, alisema, na babake ana duka la vitambaa. Zamani kwetu, kabla kijana hajarudisha salamu ya pili, wazee wangeulizia: huyu ni wa nani, kakulia mtaa gani, ami zake ni akina nani? Shangazi zangu wawili na simu moja wangegundua ndani ya nusu saa kwamba hakuna duka hilo wala binti huyo. Lakini mimi niliona kuulizia ni mambo ya watu wasiosoma. Mapenzi ya watu wazima, nilijiambia, hayahitaji kamati.

Hata hivyo adabu za kwetu hazikunitoka zote. Wiki ya pili nilimpa Nasra nambari ya mamangu, ili siku moja ampigie amsalimie, maana ukimtaka mtu kwa heri humjulisha kwa mama mapema. Niliona nimefanya jambo la kiungwana. Wiki ya tatu akaniomba picha. Nikavuta tumbo ndani, nikapiga. Katika picha ya kwanza nilikuwa na kikoi. Katika ya tatu kikoi hakikuwamo.

Kesho yake Nasra alibadilika. Yule aliyekuwa akiniita mpenzi aliandika kwa sentensi fupi: nitume pesa, la sivyo picha zinakwenda kwa mamangu. Nilituma siku hiyo hiyo. Siku mbili baadaye akataka nyingine, kabla ya Ijumaa. Hapo nikafanya anachofanya mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu: nikajisitiri. Kwetu aibu hufunikwa. Nikafuta mazungumzo, nikafuta nambari, nikafuta programu yenyewe na hata ujumbe wa pesa nilizotuma. Nikahisi kama mtu aliyetoka kuoga. Jumatano asubuhi ujumbe ukaingia kwa nambari nyingine: "Unadhani umejificha? Ijumaa." Nao nikaufuta.

Kisha nikaenda kwa Shangazi Zena, dada yake babangu, ambaye alikuwa karani wa mahakama na kupiga chapa hati za mashtaka kwa miaka thelathini mpaka akastaafu. Nilimweleza nikiwa nimeinamia kikombe cha chai.

"Walikutisha kwa maandishi?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Lete nione."

"Nimefuta."

"Vyote?"

"Vyote."

Alinitazama kama anavyotazama samaki wa juzi. "Hizo digrii zako mbili, baba, ulisomea kufuta ubao?"

"Nilitaka kujisitiri."

"Umemsitiri mwizi. Wewe uko uchi vile vile."

Nilicheka, na kabla kicheko hakijaisha nikaanza kulia, mtu mzima na ndevu zangu. Shangazi akasogea, akanishika kichwa kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. "Sikiza," akasema. "Kumwitisha mtu pesa kwa vitisho ni jinai. Kusambaza picha za faragha za mtu bila ridhaa yake ni jinai nyingine. Wewe ulichofanya ni ujinga. Miaka thelathini nimepiga chapa mashtaka, sijaona hata moja la ujinga. Wangeshtakiwa watu kwa hilo, mahakama isingefunga."

Kisha akaniambia neno lililokuwa zito kuliko yote. "Nguvu yao ni kwamba mamako hajui. Nenda kamwambie wewe, kabla hawajamwambia wao."

Ndiyo maana nilikaa mbele ya ule mchele. Nilimweleza mama kwa maneno machache, macho chini. Vidole vyake vilisimama. Nilisubiri anifukuze, au alie. Mwishowe akasema, polepole, "Kumbe ulikuwa mpweke kiasi hicho?"

Nikaokota punje ya mchele iliyoanguka mkekani.

"Na mimi nakaa chumba cha pili, nakuuliza kila siku kama umekula. Sikukuuliza lingine." Akarudi kwenye mchele. "Na huyo wa Malindi, mbona hukuniambia nikuulizie?"

Ijumaa sikutuma pesa. Mchana, simu ya mama ikalia mara tatu mfululizo, nami nikajua. Nilikimbia kutoka barazani nikamkuta ameigeuza kifudifudi juu ya mkeka.

"Mama, nipe nifute. Nakuomba."

"Sifuti. Zena kanipigia, kasema kisifutwe kitu."

"Mama, ni aibu!"

"Aibu gani? Mimi ndiye niliyekuosha." Akaichukua simu, akaificha ndani ya leso yake. "Nimeona nambari, nimeona na maneno yao ya matusi wakitaka pesa. Hizo nyingine sikuzitazama. Tafuta tuk-tuk."

Tulikwenda kituoni watatu: mimi, mama, na Shangazi Zena aliyevaa viatu vyake vya kazini. Afisa wa zamu, kijana, alipofika kwenye habari ya picha akauma mdomo asicheke.

"Kwa hiyo mzee, wewe mwenyewe ndiye ulituma?"

"Mwanangu," Shangazi akamkatiza, "andika 'alitishwa atoe pesa'. Andika 'picha zilisambazwa bila ridhaa'. Hilo la nani alizipiga, tutacheka baadaye sote, mimi wa kwanza."

Aliandika. Nikapewa nambari ya OB, ile inayoonyesha kwamba malalamiko yako yameingia kitabu cha matukio cha polisi, na tukaelekezwa kwa wapelelezi wa makosa ya mtandaoni. Simu ya mama ndiyo iliyokuwa ushahidi pekee wa vitisho, kwa kuwa wangu niliuteketeza kwa mikono yangu. Kumbukumbu za pesa zilipatikana kwa kampuni ya simu, ambayo hunipa mimi taarifa zangu, lakini jina la mwenye laini nyingine huwapa polisi wenye amri ya mahakama. Baada ya miezi mingi alikamatwa mmoja, mwenye laini iliyopokea pesa. Wenzake hawakupatikana. Sitakudanganya kwamba sheria ina mbio. Lakini mama hakuletewa tena picha, wala mimi sikutuma tena hata senti.

Basi mwanangu, nisikize mimi niliyelipia somo hili. Siku mtu atakapokutishia kwa picha yako, usitume pesa. Ukituma, anajua tu kwamba unazo. Usibishane naye, na usifute. Piga picha za skrini zinazoonyesha nambari, jina alilojiita, tarehe na vitisho, uhifadhi na risiti ya ulichokwisha kutuma. Kisha mzuie, na umripoti kwa wenye programu waifunge akaunti yake. Nenda kituoni, usitoke bila nambari ya OB. Wakili anaweza kukuombea mahakama amri ya kuzuia picha zisisambazwe, na unaweza hata kudai fidia kwa kuvunjiwa faragha. Huna pesa za wakili? Zipo ofisi za msaada wa kisheria, uliza. Na kama unaogopa kituo kwa sababu uliyempenda ni mtu ambaye sheria au watu hawakuruhusu umpende, muone wakili kwanza. Siri yako kwake haitoki. Ikiwa hujatimiza miaka kumi na minane, ujue sheria inakulinda zaidi, basi mwambie mkubwa yeyote unayemwamini leo, si kesho.

Lakini kabla ya hayo yote tafuta mtu mmoja wa kwenu umwambie. Mimi niliogopa uso wa mamangu kuliko jela, nikaenda nikaukuta ni uso wa mamangu tu. Ukikosa wa kumwambia, njoo kwangu. Nitakupa chai, sitakuuliza ulikuwa umevaa nini.

Mola akulinde na wenye ndimi tamu wasio na kwao. Akupe wa kukupenda unayeweza kumshika mkono. Na ikikufika siku ya aibu, akujaalie nyumba ambayo ukiingia umeinama, watakuinua kichwa.