Klova Iliyomezwa na Nyasi

Umande haujakauka, na Baba Pacha amepiga magoti katikati ya malisho. Anapekua nyasi nene kwa vidole akitafuta klova. Anapata jani moja, limepauka. Analifunika upesi huku akitupia jicho nyumba ya mama mkwe wake.

Yeye ndiye mtunza malisho wa mama huyo, mfugaji wa ng'ombe tisa wa maziwa. Klova aliipanda mama mwenyewe, akaichanganya na nyasi, kwa kuwa mmea huo wa jamii ya kunde huchota naitrojeni hewani na kuirutubisha ardhi. Agizo lake lilikuwa jepesi: klova ikiwa nyingi, usitie mbolea ya urea. Ukibanwa sana, tia nusu mfuko, tena mvua zinapoanza tu, kisha ng'ombe waingie kabla nyasi hazijaipita klova kimo.

"Niliitikia, 'Sawa, Mama.' Moyoni nikasema, huyu naye na mambo yake ya zamani," anakiri mbele yangu.

Halafu mashemeji wakatangaza ziara.

"Nilitaka waone dada yao hakuolewa na mtu hivi hivi."

Mvua zilikuwa zimeshakolea. Mama alipotoka, yeye akamwaga mifuko miwili. Malisho yakawaka kijani, mashemeji wakapiga picha, kichwa cha bwana kikavimba. Hata ng'ombe aliwazuia wasiingie, eti wataharibu urembo! Ng'ombe wananusa uzio kwa njaa, mwenyewe anapokea sifa.

Nyasi zikaifunika klova, ikakosa jua. Alipokuja kuwafungulia ng'ombe, chini alikuta vikonyo vya manjano.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Lakini si hilo linalomkosesha usingizi. Shemeji mkubwa aliporudi, aliuliza klova imekwenda wapi. Kabla Baba Pacha hajafumbua mdomo, mama mkwe alijibu, "Nimeiua mimi. Uzee huu, nimekosea vipimo."

"Shemeji akacheka. Akamwambia, 'Basi Mama pumzika, shamba tumwachie mkweo, anajua kazi.' Yaani mimi! Na mimi nikafanya nini? Nikanywa chai."

Anasema hayo akiwa ameinamisha uso. Tangu siku hiyo mama hajamgusia neno. Humwandalia chai kama kawaida, naye huinywa bila kumtazama. Jumapili hii wanawe wanakuja kumpumzisha rasmi, na mama ameshaanza kuwagawia majirani mbegu zake za klova.

Namuuliza kwa nini asiende kumwomba radhi sasa hivi, nyumba si ile pale?

Anatikisa kichwa. "Nikimwambia faraghani atanisamehe, yataishia hapo, na wanawe wataendelea kumwona amechoka. Aibu yangu aliibeba mbele za watu. Mbele za watu nitamtua."

Ameshapanga maneno. Atasema mifuko ilikuwa miwili, aliimwaga yeye, na Mama alimkataza.

"Wakinifukuza, ni haki yao. Wasiponifukuza, nitamwomba Mama anifundishe upya, nami safari hii nimsikilize."

Kisha anafuta macho kwa mkono wenye udongo na kunisihi nisimwambie mkewe kwamba alilia.