Ngao Tuliyowafundisha Kangemi Kuichukua

Wenzangu mliolelewa mtaa wa Woodley, Nairobi, katika miaka ya sitini, ninyi mnaokumbuka mandazi ya moto yaliyofungwa kwa gazeti, na viatu vya raba tulivyovipaka chaki Jumamosi ili ving'ae Jumapili, naomba mnisikilize. Kuna jambo linalosemwa juu yetu ambalo si kweli. Nilitumikia serikali hadi nikastaafu, na katika utumishi wangu sikuwahi kuliona kosa nikaliacha lipite. Sitaanza leo.

Mwezi uliopita kanisa letu lilifanya sherehe ya kwaya za zamani. Mshereheshaji, kijana mwenye suruali iliyombana kama soksi, alitangaza kwamba kwaya ya watoto ya Woodley ilipoteza ngao ya mashindano kwa sababu ilichelewa kufika mjini. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ngao yenyewe ilikuwa ya mbao, yenye bamba linalometa katikati, na kanuni yake ilijulikana na kila mtoto: kwaya itakayoshinda miaka mitatu mfululizo ingeichukua iwe yake daima. Sisi tulikuwa tumeshinda miwili. Baba yangu, karani wa baraza la jiji na mzee wa kanisa, alikuwa amekwisha kupigilia msumari ukutani, nyuma ya mimbari, tayari kwa kuitundika. Tulicheza kati kwa mpira na kuruka blada tukiuimba wimbo wa mashindano. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe tukiuimba, hadi mama akasema, "Huo wimbo mtaumaliza maneno kabla siku haijafika."

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa Mwalimu Ndinda, mzaliwa wa Machakos, mwanamke mrefu ambaye kofia yake ya samawati haikupinda hata upepo wa Ngong Road ulipovuma. Siku moja alitupasha habari. Mwalimu wa kwaya ya Kangemi alikuwa amehamishiwa kazi mbali, na watoto wake walibaki na wimbo uleule wa mashindano wakiwa wameufikisha nusu. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri, baada ya mazoezi yetu, tungetembea hadi Kangemi kuwafundisha.

Musyoka, mwenye sauti kubwa kuliko wavulana wote, aliruka. "Mwalimu, si hao ndio tunashindana nao?"

"Ni watoto wasio na mwalimu, nami ni mwalimu. Ni wapi hapo hujaelewa, Musyoka?"

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila mmoja wetu aliketi ubavuni mwa mtoto mmoja wa Kangemi, akamwimbia sikioni sauti yake, tena na tena, hadi mwenziwe aishike. Ikishashikwa, wewe ulinyamaza ukamwacha aende nayo peke yake. Kunyamaza huko ndiko kulikotutesa. Mimi niliketi na Jerusa, msichana mwembamba aliyenuka moshi wa kuni na sabuni ya kipande, na ambaye hakunionea haya hata kidogo.

"Nyinyi watu wa Woodley," aliniambia siku ya kwanza, "mnaimba kama mnaogopa kuamsha mtoto."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Jumamosi iliyofuata niliimba kwa nguvu zaidi, naye akatikisa kichwa kama mkaguzi wa shule aliyeridhika.

Sasa, mstari wa mwisho wa wimbo ule ulikuwa mrefu kupita pumzi ya mtoto yeyote. Siri yetu ilikuwa kwamba nusu ya kwaya ilivuta pumzi huku nusu nyingine ikiushikilia, kisha zikapokezana, na msikilizaji akasikia sauti isiyokatika. Waamuzi waliupenda mno mstari huo. Tukiwa njiani, tunavuka Kawangware, Musyoka alitukusanya akanong'ona, "Tuwafundishe kila kitu, lakini pumzi tubaki nayo."

Kabla hatujajibu, sauti ilitoka nyuma yetu. "Musyoka, leo tutaanza na pumzi. Na atakayewafundisha ni wewe."

"Mwalimu, ngao itaenda!"

"Yesu hakumponya mtu nusu," akasema Mwalimu Ndinda, akatupita kwa hatua ndefu, kofia imenyooka.

Kila mazoezi yalimalizika kwa sala, naye aliwaombea Kangemi kwanza, kwamba waimbe vizuri kuliko walivyowahi kuimba. Tuliitikia amina ya kinyonge. Alifumbua macho. "Hiyo amina haijafika hata dirishani," alisema, kisha akairudia sala yote tangu mwanzo. Hatukuruhusiwa kwenda nyumbani hadi amina iwe ya watu waliomaanisha. Naapa kwamba baada ya Jumamosi kadhaa tulimaanisha, Musyoka akiwa wa kwanza.

Siku ya mashindano tulifika ukumbini mjini mapema mno, hata mlango ulikuwa haujafunguliwa. Tuliimba bila kosa. Kisha Kangemi wakapanda jukwaani, magauni yao ya rangi mbalimbali yakiwa na kola nyeupe alizowashonea mama yangu, na walipofika mstari wa mwisho niliona mabega yao yakipanda kwa zamu, nusu na nusu, kama tulivyowaonyesha. Walikuwa na pumzi zetu na ujasiri wao, na ngao ikaenda Kangemi. Mwalimu Ndinda alipiga makofi hadi ile kofia, kwa mara ya kwanza machoni petu, ikadondoka. Jumapili aliitundika kofia hiyo kwenye ule msumari wa ngao.

Basi nilisimama katika sherehe ile, nikaomba kipaza sauti. "Hatukuchelewa," nikasema. "Tulifika mapema, tukaimba vizuri, tukashindwa na watu tuliowafundisha wenyewe. Tafadhali isemwe hivyo."

Kutoka viti vya nyuma, sauti ya bibi mmoja ikapaa: "Na mpaka leo mnaongea kama mnaogopa kuamsha mtoto!" Alikuwa Jerusa. Tulikumbatiana katikati ya njia, miwani yetu ikagongana.

Kijana mshereheshaji alitusogelea, akaniita bibi kwa lugha yao ya mtaani. "Lakini shosho, kwani mlikuwa mnafunza watu wa kuwashinda?"

"Ndiyo," tukamjibu kwa pamoja.

Simlaumu sana. Siku hizi vijana wa kwaya hufanya mazoezi wakiwa wamefunga madirisha, ili jirani asiwaibie wimbo. Nikipita kando ya kanisa Jumamosi alasiri husikia magari tu. Enzi zile, ungesimama barabarani Kangemi ukasikia Woodley na Kangemi ndani ya mstari mmoja mrefu, usijue ni nani anayevuta pumzi na ni nani anayemshikilia mwenzake.