Kelele za Nyuma ya Pazia

Mama Pindo hakuwa mtu wa kutupa kitu. Ukimkuta kwenye cherehani yake, mguu kwenye pedali na pini nne mdomoni, ungeona pembeni gunia limesimama kama mgeni aliyekosa kiti. Humo alitia kila kipande kilichobaki mezani: ncha ya shuka, ukanda wa bitana, pembetatu ya pamba isiyotosha hata kushona mfuko wa shati. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu ambaye vifaa vyake vyote vya kazi vilienea kwenye kopo la maziwa, na kila alipopita karibu na lile gunia alitikisa kichwa.

"Fundi," alisema, "iko siku hilo gunia litatuambia sisi ndio tuhame."

"Liache likae, fundi. Mabaki hayaombi chakula."

Ndivyo walivyoitana tangu walipooana, fundi kwa fundi. Mteja akipiga hodi na kuita "Fundi!" waliitika wote wawili, halafu wakaanza kubishana ni nani aliyeitwa.

Jina la Mama Pindo lilitokana na ukali wake. Nguo yoyote iliyoletwa mbele yake, kabla hajatazama mkato wala rangi, aliigeuza ndani nje akakagua pindo. Kama uzi haukufungwa mwishoni, aliirudisha bila kusema neno.

Mama Pindo alikuwa na kikundi cha wanawake watatu. Yeye, halafu Karani, aliyepiga chapa barua za ofisi za watu hadi akastaafu na kuondoka na vitu viwili, ujuzi wa kompyuta na maumivu ya kiuno. Wa tatu alikuwa Bi Vifungo. Huyu kazi yake ilikuwa vifungo na matundu yake tu, lakini mdomo wake ulishona kila kitu. Wazo lilikuwa lake. Kutwa nzima wanawake walimpigia simu kuuliza zipu inawekwaje, kola inageuzwaje, naye akaeleza jambo lilelile mpaka koo likakauka.

"Jamani, kwa nini tusiseme mara moja, tukaweka mahali, anayetaka akasikilize? Mimi si redio."

"Wewe ni redio," Karani alimjibu. "Tatizo huna kitufe cha kuzima."

Basi wakaanza. Simu ya Mama Pindo ilikuwa na kinasa sauti. Karani akatafuta programu ya bure ya kukata na kusafisha sauti, akaiweka kwenye kompyuta yake kuukuu, halafu akafungua ukurasa wa bure ambapo masomo yangekaa na mtu yeyote angeyasikiliza. Picha hawakutaka. Mshonaji ana macho mawili tu na yote yanatakiwa kwenye sindano. Masikio ndiyo yaliyokaa bila kazi. Kila somo lilikuwa la dakika kumi na mbili, lisije likamaliza bando la mtu.

"Wahenga walisema rahisi ni ghali," Bi Vifungo alisema siku ukurasa ulipofunguka. "Bure hawakuitaja kabisa. Nadhani waliogopa."

Wakajiundia na lugha yao. Somo lilivyotoka kwenye simu, na vikohozi vyake na vigugumizi vyake, waliliita bichi. Likishakatwa na kusafishwa, limeiva. "Nina mabichi mawili," Karani angesema, "na moja liko jikoni." Mtu asiyejua angedhani wanazungumzia ndizi.

Msemaji alikuwa Mama Pindo. Alinasia nyumbani, kwa kuwa kule kwenye chumba cha kazi cha kikundi cherehani za majirani hazikunyamaza. Pia hakuweza kutoka. Mumewe alikuwa ameanza kuumwa kifua. Kitanda chake kilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka kwenye meza ya kukatia, naye alilala humo akikohoa, akiguna, akitekenya saa za wateja juu ya blanketi. Na alisikiliza. Somo la kwanza, Mama Pindo alipomaliza kueleza pindo la sketi na kuaga wasikilizaji, sauti nzito yenye mkwaruzo ilitoka nyuma ya pazia:

"Fundi, umesahau uzi."

Kweli, alikuwa hajawaambia wafunge uzi. Yeye, wa kurudisha nguo za watu! Akacheka, akasema, "Nimesikia, fundi," akarudi kwenye simu. "Na mfunge uzi, jamani. Usipofunga uzi umefanya kazi ya bure."

Tangu hapo ikawa mazoea. Kila somo angesahau uzi, na mumewe angemkumbusha. Somo la tano Bi Vifungo alikuwepo, akamnong'oneza Karani, "Huyu anasahau makusudi." Mama Pindo alijifanya hajasikia.

Wasikilizaji waliongezeka. Walifika mia, kisha mia tatu, na ujumbe ukawa mwingi. Wengi walishukuru. Lakini wapo waliolalamika: mwalimu, huko kuna mtu anakohoa, mwalimu, kuna mzee anaingilia, somo zuri, kelele zinatuharibia. Siku ya somo la saba Bi Vifungo aliyasoma malalamiko hayo kwa sauti mezani, akidhani ni vichekesho. Mama Pindo hakucheka. Aliona aibu, ile aibu ya kazi, kama aliyepeleka nguo kwa mteja na pini bado imo ndani.

"Karani, hakuna namna ya kuzitoa hizo kelele?"

"Ipo. Programu ina kitufe kimeandikwa Ondoa Kelele. Inabakiza sauti ya aliye karibu na simu, nyingine zote inazizima. Pale zilipokuwa panabaki kimya, mimi napafunga kwa mkono, kama kuziba mpasuko."

"Toa zote. Rudi mpaka somo la kwanza, safisha."

"Na mabichi? Ile nafasi ya bure imejaa, mwenzangu. Siwezi kuweka bichi na lililoiva. Nifute?"

Mama Pindo alikuwa akikata kola. Hakuinua macho. "Futa. Nguo ikishashonwa, nani anatunza mabaki?"

Bi Vifungo alilitazama lile gunia, akamtazama mwenye gunia, akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga bila kusema kitu.

Walipoondoka, pazia lilisogea.

"Fundi," mumewe alisema, "miaka thelathini na miwili. Leo ndio nimegeuka kelele?"

Alisema kwa utani, jicho moja bado limebana kile kioo chake cha kazi. Naye alijibu kwa utani. "Kelele umekuwa siku zote. Ila leo nimepata kitufe."

Wakacheka, mume mpaka akakohoa, na kikohozi kikachukua muda mrefu kupita kicheko.

Baada ya hapo, kila aliponasa, nyuma ya pazia palikuwa kimya. Mama Pindo alifurahi, akadhani dawa mpya ya kifua aliyopewa mumewe inafanya kazi. Somo la kumi alipokwenda kumpa maji alimkuta amejibana mto mdomoni kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imesimama, macho yanatoka machozi.

"Unafanya nini wewe?"

Aliuondoa mto, akahema. "Umemaliza? Nilikuwa nakusubiri umalize."

Alimkemea, akamwambia kohoa ukitaka, hii ni nyumba yako. Lakini hakuwaambia wenzake waache kile kitufe.

Somo la kumi na moja lilihusu mkono wa koti. Siku hiyo alikuwa na haraka, gari la kumpeleka mgonjwa hospitali lingefika saa nane, naye alitaka kumaliza kabla. Mwishoni mumewe alisema kitu. Alimsikia kwa sikio moja, lingine liko barabarani. Akajibu, akawaambia watu wafunge uzi, akazima simu, akaituma sauti kwa Karani, akaanza kufunga nguo za hospitali.

Mumewe hakurudi. Siku ya nne alfajiri alifariki, na kule nyumbani, kwenye kopo la maziwa, saa sita za wateja zilikuwa bado zinatembea.

Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Mama Pindo alikuwa sawa, au walisema yuko sawa. Alirudi kwenye cherehani mapema kuliko walivyotaka. Kilichomtoa nyumbani mchana ule, mwezi na wiki moja baadaye, kumpeleka mpaka kwa Karani bila hata kubadili kandambili, kilikuwa kitu kidogo. Alikuwa akishona, akajisemea yale maneno ya mumewe, fundi umesahau uzi. Maneno yalikuja vizuri, ila yalikuja kwa sauti yake mwenyewe. Akajaribu tena. Akasimamisha cherehani, akafumba macho, akajaribu tena. Ule mkwaruzo haukuja.

Alipofika alikuwa anahema. Bi Vifungo naye alikuwepo, anapanga vifungo kwa rangi.

"Karani, nataka lile bichi. Lolote lile. La kwanza, la tano. Nataka kumsikia."

Karani aligeuka kutoka kwenye kompyuta. "Mama, si tuliyafuta?"

"Ukifuta kitu kwenye kompyuta kinakwenda mahali. Uliniambia mwenyewe kuna pipa."

"Lipo. Lakini linajimwaga lenyewe. Siku thelathini."

"Leo ni siku ya ngapi?"

Hakuna aliyetaka kuhesabu. Mama Pindo akahesabu mwenyewe, kwa vidole, kama anavyopima shingo ya mtoto. Tangu lile la mwisho, siku arobaini na moja.

"Na simu yangu?"

"Ilikuwa imejaa. Ulikuwa ukinitumia, unafuta." Karani alikuwa tayari analia, anajifuta kwa kiganja cha mkono. "Ningejua, mwenzangu. Wallahi ningejua."

"Hukufanya kitu. Mimi ndiye niliyesema."

Marehemu hakuwa mtu wa kutuma sauti kwenye simu. Alisema mwenye shida naye anajua anapokaa. Picha zake zilikuwepo tano, zote amefunga mdomo.

Bi Vifungo aliacha vifungo vyake. "Tusikilize yaliyoiva," alisema. "Kitufe ni kitufe tu. Labda mahali fulani kilimruka."

Wakakaa watatu mbele ya ile kompyuta, wakasikiliza kuanzia la kwanza, dakika kumi na mbili kwa kumi na mbili, jua likisogea kutoka dirisha hadi ukutani. Sauti ya Mama Pindo ilikuwa safi, nzuri, kama ya mtu aliye peke yake katika nyumba tupu. Mwisho wa kila somo aliaga, na papo hapo, bila mtu kumkumbusha, akawaambia wafunge uzi. Hata lile jibu lake la "nimesikia" Karani alikuwa amelikata, maana lisingekuwa na maana kwa msikilizaji. Mishono ilikuwa mizuri. Ukipitisha kidole usingeona kiungo.

Mpaka la kumi na moja.

Mkono wa koti ukaisha. Akaaga. Kisha kimya. Wote watatu wakasogea. Hapakuwa na kikohozi, hapakuwa na pumzi, hapakuwa na kitu. Halafu sauti yake, ya haraka: "Nimesikia, fundi. Na mfunge uzi, jamani."

"Hapo nilisahau kufunga," Karani alinong'ona. "Ile ndiyo siku mliyokwenda hospitali. Nilipandisha hivyohivyo."

"Rudisha."

Akarudisha. Kwenye kioo cha kompyuta sauti ilionekana kama mlolongo wa milima, na hapo katikati palikuwa na mstari ulionyooka. Karani aliupima. Sekunde tisa.

"Rudisha tena."

Safari hii, mstari ulipoanza, Mama Pindo alisema yale maneno taratibu, kwa mwendo wa mumewe, na pale katikati akaweka ile pumzi aliyokuwa akivuta akiumwa: "Fundi... umesahau uzi."

Akafunga mdomo, akingoja jibu lake lije.

Halikuja. Ukimya uliendelea. Alikuwa ameuvisha ukimya ule maneno yale na yalikuwa mafupi, sehemu ikabaki wazi. Sekunde moja, mbili, tatu, nne, tano. Kulikuwa na kitu kingine alichosema mumewe, kirefu kuliko uzi, siku ile, gari likingojwa, na yeye sikio liko barabarani.

"Nimesikia, fundi," kompyuta ilisema.

Bi Vifungo alimshika mkono. Mama Pindo aliutoa polepole, akaupeleka mwenyewe kwenye kitufe, akarudisha nyuma.