Vidonge vya Mke wa Askari

Wiki iliyopita, katika duka la dawa karibu na stesheni ya Kamina, muuzaji aliniuliza kama kuna dawa yoyote inayonikataa. Nikamwambia: sulfa. Alipokuwa akiandika, mimi nilikuwa nimesharudi kwenye ua wa bibi yangu, Nkambo, katika msimu wa mvua nilipokuwa na miaka tisa.

Jirani yetu alikuwa mke wa askari, mgeni kutoka mkoa wa mbali wa Ekwateri. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya misa, nilisikia kinu chake kikitwanga sombe, majani ya muhogo, ambayo yeye aliiita pondu. Nkambo alimcheka kwa Kiswahili chake, naye akacheka Kiluba cha Nkambo, kisha wakagawana chumvi.

Nilipopata homa na kikohozi, ni yeye aliyenipa vidonge vilivyobaki vya mwanawe. Kwa wema tu. Siku ya pili midomo ilivimba, kinywa kikachubuka ndani, mabaka mekundu yakanitoka mikononi na mapajani, yanachoma kama makaa. Hata mate sikuweza kumeza. Watu wakaanza kunong'ona kwamba yule mgeni ameniloga kwa sumu. Yeye akajifungia ndani, kinu kikanyamaza.

Muuguzi wa zahanati alivitazama vidonge vile, akasema ni vya sulfa, viachwe mara moja, mwili wangu umevikataa, wala nisivimeze tena maishani. Tuliporudi, Nkambo hakupita nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa jirani, amenibeba mgongoni, mtaa mzima ukitazama.

"Haukumuloga mutoto," alimwambia, akimwita atoke. "Dawa njo ilimukatala. Kuya, tumutunze pamoya."

Jirani alifungua mlango, akalia amesimama vile vile. Tangu siku hiyo walinipokezana: mmoja akinisukutua kwa maji ya chumvi, mwingine akipoza uji mwepesi wa mahindi na kunipa kijiko kimoja kimoja, pembeni mwa mdomo. Siku nilipoweza kula bukari, ugali wetu, na samaki mkavu wa Kinkondja, wote wawili walicheka kama wasichana.

Kisha askari akahamishwa. Waliondoka kwa treni, na mimi ningali na mabaka meusi mikononi. Nkambo hayupo tena, na ua wetu umejengwa vyumba vya kupangisha, wapangaji hawajuani hata kwa sura. Natamani yule mama angeniona leo, ngozi yangu ilivyo safi. Maana treni ilipoanza kusogea, alikuwa bado ameinama dirishani, ananiomba msamaha.